Mche Ulio Mkononi

Ndugu zangu wa pwani, na hasa ninyi ambao bahari imeanza kula viwanja vyenu: acheni kungoja! Wakuu wa mataifa watakutana tena, watajadiliana tena kuhusu tabianchi, watatia saini au watakataa. Tope la hori lenu ni lenu, na shoka linaloangusha mikoko yake halikutoka Ulaya. Liko nyuma ya mlango wako.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Hakuna sharti kwamba kwanza tujue nani atakaa kivulini. Basi sisi, ambao Kiyama hakijatusimamia, tuna udhuru gani?

Nendeni Gazi, kule Kwale, mkaone. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu nyingine zikabaki mchanga mtupu, hazioti kitu. Miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakaanza kurudisha miche. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja: hekta 117 wanazozilinda wenyewe, na hewa ukaa inayozuiwa na msitu huo huuzwa katika soko la kaboni. Fedha yake imeleta maji safi kijijini na vitabu shuleni. Hekta 117, ndugu zangu! Ni zaidi kidogo tu ya kilomita moja ya mraba.

Ichukueni mbegu ya mkoko mkononi muitazame. Huchipua ingali inaning'inia mtini, ikarefuka, ncha ikachongoka. Inapoanguka huwa imeshakuwa mche. Mwenyezi Mungu amekwisha kufanya kazi kubwa. Wewe umebakiwa na kuinama. Mizizi yake itavunja nguvu ya mawimbi, itawaficha kamba na samaki wachanga, na majani yatakayozama katika tope lile lisilo na hewa yataoza polepole mno, ukaa wake ukabaki chini kwa karne nyingi. Ndiyo maana mkoko ukikatwa na tope likafukuliwa, tunaachia angani kilichowekwa akiba tangu enzi za mababu.

Lakini tusidanganyane: kupanda ndiyo sehemu nyepesi. Wangapi wamepanda siku ya sherehe, wakapigwa picha, na miche ikafa yote? Msipande juu ya nyasi za bahari, wala mahali maji yasipokupwa. Waulizeni wazee mkoko ulikuwa unakaa wapi na mchu wapi, kwa kuwa kila mti una daraja lake la maji. Na pengine pana mbegu za kutosha. Zinachotaka ni mfereji uzibuliwe na shoka lipumzike.

Na shoka halipumziki kwa kukemewa. Mama mwenye sufuria mekoni anataka kuni leo, na kijana anayejenga anataka boriti. Watu wa Gazi waliliona hilo wakapanda mivinje nchi kavu, ili kuni na miti ya kujengea ipatikane bila kuugusa msitu wa bahari. Ewe unayemlaani mkata mikoko, umempandia mvinje hata mmoja? Kama hujampandia, nyamaza kwanza, ushike jembe!

Wavuvi, kina mama wa chaza, walimu wa madrasa, vijana mnaoshinda barazani: kubalianeni wiki hii. Nani atalinda hori usiku, nani atatoa kipande cha shamba kwa mivinje, nani atamwambia mjomba wake mwenyewe kwamba mtumbwi uliojaa boriti mbichi hautapakuliwa tena hapa. Bamvua lijalo, maji yakishakupwa, kila nyumba itoe mtu mmoja, aje na kikapu cha mbegu alizoziokota mwenyewe.