Tangaza Juu ya Dari, Lakini Jenga Ukingo



Hivi karibuni, baada ya semina ya vijana, kijana mmoja anayesoma kompyuta chuoni alinivuta pembeni. "Frateri," akaniambia, "nina swali, ila usinicheke. Najifunza usalama wa mtandao. Nimepata msimbo kamili wa kirusi cha kompyuta, yaani yale maandishi yenyewe yanayokiendesha. Nikiuweka wazi kila mtu ausome, natenda dhambi? Si Yesu mwenyewe alituambia tuyatangaze juu ya dari yale tuliyonong'onezwa?"

Sikucheka. Nilimwomba muda nisali na nifikiri. Leo namjibu yeye, pamoja na wewe unayejifunza programu, au unayetuma faili kwenye kundi bila kujiuliza litafika wapi.

Kwanza tumtendee haki, kwa sababu hoja yake ina uzito. Daktari hatibu ugonjwa asioujua. Wanaotengeneza kinga ya virusi lazima wavifungue na kuvisoma. Na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tukumbuke ya mwaka 2017. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa limegundua tundu kwenye programu ya Windows, likalinyamazia kwa miaka ili lilitumie kwa kazi zake. Siri ikavuja. Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuziba tundu hilo mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi zilikuwa bado hazijasasishwa. Mwezi Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita humo humo na kuenea duniani. Uingereza peke yake, inakadiriwa miadi ya wagonjwa 19,000 hivi iliahirishwa kwenye hospitali za umma. Fikiria mama aliyesubiri miezi kumwona daktari, anafika anaambiwa kompyuta zimefungwa, rudi nyumbani. Kwa hiyo kuficha nako kunaweza kuwa dhambi, hasa unapoficha kwa faida yako mwenyewe.

Sasa tugeuze upande wa pili.

Mwaka 2016, vijana watatu wa Marekani, wenye umri wa miaka ishirini hivi, walitengeneza kirusi kilichoitwa Mirai. Kilizunguka kwenye intaneti kikibisha hodi kwenye kamera za ulinzi na ruta za majumbani, kikijaribu orodha ya majina na nywila zaidi ya 60, zile ambazo vifaa hutoka nazo kiwandani na wenyewe hatuzibadilishi. Mlango ukifunguka, kifaa kinakuwa mtumwa. Vifaa vingi vikishatekwa, vyote vinaamriwa kuivamia tovuti moja kwa wakati mmoja mpaka inazidiwa na kuanguka.

Mwishoni mwa Septemba mwaka ule, msimbo wote wa Mirai ukawekwa hadharani. Bure. Mtu angeweza kudhani huo ni ukarimu. Lakini kesi ilipofika mahakamani, sababu ilijulikana: msimbo ukiwa mikononi mwa wengi, aliyekutwa nao angeweza kusema, "si mimi peke yangu ninao." Jamani, hebu tuliona hilo. Waliuweka kwenye mwanga ili wao wabaki gizani.

Na matunda yake? Tarehe 21 Oktoba 2016, mashambulizi ya vifaa vilivyotekwa na Mirai yaliiangusha huduma ya kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Mwezi uliofuata, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom kule Ujerumani walipata matatizo ya intaneti kwa sababu ya kirusi kilichozaliwa na msimbo ule. Hata Afrika tuliguswa: Mwingereza mmoja alilipwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia akitumia jeshi la vifaa vya Mirai, na mwaka 2019 mahakama ya London ilimfunga miezi 32.

Hapa wengi tunajitetea: "Mimi sijashambulia mtu. Nimeandika tu, nimeshea tu." Mtakatifu Thoma wa Akwino alishalichambua jambo hili. Anafundisha kwamba matokeo uliyoyaona mapema yanaongeza uzito wa tendo lako. Hata usipoyafikiria, kama ni matokeo ambayo kwa kawaida hufuata tendo la namna hiyo, bado yanakuhusu. Kinachoweza kutengwa ni ajali ya nadra, ambayo hakuna ambaye angeitazamia. Sasa niambie: ukimwaga silaha iliyo tayari kutumika mbele ya umati usioujua, mtu kuumizwa ni ajali ya nadra?

Turudi kwenye dari. Ni kweli, katika Injili ya Mathayo 10:27 Yesu anawatuma wanafunzi watangaze juu ya dari. Lakini anazungumzia Habari Njema, ile inayompa uhai kila anayeisikia. Halafu kuna neno jingine kuhusu dari hiyo hiyo. Nyumba za kule zilikuwa na paa bapa, watu wakipanda na kukaa juu. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, la sivyo mtu akianguka, damu yake iko juu ya nyumba ile. Angalia vizuri: Mungu hakatazi watu kupanda darini. Anadai ukingo. Na mwenye kuujenga ni mwenye nyumba. Hatuambiwi kwamba anayeanguka ajilaumu mwenyewe kwa kutokuwa makini.

Katekisimu inasema vivyo hivyo kwa lugha yake. Namba 2488 na 2489 zinafundisha kwamba haki ya kupewa ukweli si haki isiyo na masharti. Upendo ndio unaopima: usalama wa wengine na manufaa ya wote ni sababu tosha ya kunyamaza. Kunyamaza huko si uongo.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Usiufukie msimbo ule, wala usiumwage barabarani. Kabla ya kuutoa, jiulize: nani anaupokea? Nautoa ili nani apone? Na ukileta maumivu, nani atayabeba, mimi au mtu nisiyemjua?

Ukigundua tundu, mpelekee mwenye programu. Hapa Tanzania ipo timu ya TZ-CERT inayoshughulikia matukio ya namna hii. Wape muda wa kuliziba. Wataalamu wengi hutoa siku 90. Wakipuuza, kuwaonya watu kunaweza kuwa wajibu. Baada ya hapo eleza wazi ulichogundua na jinsi ya kujikinga. Msimbo wa kirusi chenyewe wape wachunguzi na walimu wanaojua kuutunza. Huo ndio ukingo wako. Na sisi wengine tuanze na dogo: leo hii badilisha ile nywila ya kiwandani kwenye ruta yako.

Neno la mwisho, la matumaini. Vijana wale watatu walikiri makosa. Mwaka 2018 hawakupelekwa gerezani, kwa sababu walikuwa wamevisaidia vyombo vya uchunguzi kwa ujuzi ule ule. Walipewa miaka mitano ya uangalizi na saa 2,500 za kazi ya kujitolea. Msimbo haukurudi, mpaka leo unazunguka. Lakini mikono iliyouandika iliweza kugeuzwa. Hakuna aliyepotea kiasi kwamba Mungu hana kazi naye.

Tusali: Ee Bwana, umetupa akili ya kuvumbua. Utupe na moyo wa kumlinda tusiyemwona, aliye upande wa pili wa kioo. Tusiyafiche yanayoponya, tusiyamwage yanayoua. Mtakatifu Carlo Acutis, uliyeitumia kompyuta kuwaleta watu kwenye Ekaristi, utuombee. Amina.