Sura ya Marehemu ni ya Nani?

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndivyo alivyo mtoto atakaye kumwandikia baba yake, malenga aliyekwisha kufariki, wasifu katika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2001. Nani amjuaye mzee kuliko mwanawe? Lakini kamusi hiyo haitosheki na ujuzi wa nyumbani. Yataka ushahidi uliochapishwa na wengine, na humtaka ndugu autangaze udugu wake.

Baada ya maneno huja sura. Picha i ukutani. Huenda ilipigwa katika Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930. Familia inamiliki karatasi tu. Haki ya kuinakili, kwa kawaida, ni ya mpiga picha, na akifa huwaendea warithi wake mpaka muda wa sheria uishe. Nao wakiridhia picha iwe huru, wameridhia kwa kila mtu, hata mfanyabiashara. Je, marehemu naye angeridhia?

Basi mapenzi hayana haki? Yana wajibu: kukusanya magazeti, diwani na tarehe, kuomba ruhusa kwa mwenye haki, kisha kumwachia kalamu asiye wa damu. Huenda mgeni huyo akaandika na yasiyopendeza. Mtoto na astahimili, kwani sifa zitokazo kwa mwana huaminiwa na jamaa tu, na malenga aliwatungia watu wote.