Tarakimu za Nyuma ya Kadi

Mama mmoja Mkongomani, mkazi wa Ohio, Marekani, anayefanya usafi hotelini zamu ya usiku, alipata barua pepe: ameteuliwa kupewa msaada wa serikali, dola 25,000. Atangulize tu dola 300 za kushughulikia faili, kwa kadi za zawadi zinazouzwa dukani.

Alizinunua, akazikwangua nyuma kama vocha za simu, akapiga picha zile tarakimu na kuzituma. Plastiki ilibaki mkononi mwake, lakini mwenye tarakimu ndiye mwenye pesa, na huweza kuzitumia au kuziuza mtandaoni papo hapo bila kuulizwa kitambulisho.

Kesho yake ikadaiwa kodi, dola 500. Halafu bima. Kila akilipa, ile pesa kubwa imebakiza hatua moja. Utapeli huu ni wa zamani: katika karne ya 19 watu walitumiwa barua za kuomba fedha za kumkomboa tajiri aliyefungwa Hispania, wakaahidiwa fungu la hazina yake.

Mama aliporudi kununua kadi mara ya tatu, mhudumu wa dukani alimtazama, akauliza: "Kuna mtu amekuambia ununue hizi?" Akajibu ni zawadi za wajukuu. Jibu hilo hakulitunga yeye. Aliandikiwa, akaonywa kwamba akimwambia yeyote jina lake litafutwa. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mhudumu yule alikuwa amekwisha kushtuka, na alihitaji neno moja tu la kweli ili amwokoe.

Mwanawe alipogundua, alianza kwa kugomba. "Mama, serikali gani inapokea kadi za zawadi?" Ni kweli, hakuna; wala serikali ya Marekani haimtozi mtu ada ili impe msaada. Lakini saa ile ilikuwa ya kuipigia simu kampuni iliyotoa kadi, kwa maana salio ambalo halijatumika huweza kuzuiwa, na kadi na risiti husaidia sana. Risiti zilikwisha kutupwa.

Baada ya majuma machache ikaingia barua nyingine, ya "wakili" anayewarudishia waliotapeliwa fedha zao. Alilijua jina la mama na kiasi alichopoteza, kwa sababu matapeli huuziana orodha za watu waliokwisha kulipa. Ada yake ilikuwa dola 200, kwa kadi.