Tulikuwa Mashahidi wa Ndoa Yao

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:5, Matendo ya Mitume 18:1-3, Kutoka 20:16



Mgeni asikiaye jina la Mchafukoge kwa mara ya kwanza hudhani ameamriwa: mchafu, koge! Watoto tuliowafundisha walilicheka jina hili kila mwaka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini upo uchafu usiotoka kwa maji ya bomba, maana huo hukaa katika karatasi. Mwezi huu twataka kusema juu ya uchafu huo, na juu ya ndoa ambazo mmoja yuko ng'ambo kikazi na mwenzake yuko hapa, akiomba viza ya kumfuata.

Mwaka 2022 ndoa moja ilitangazwa kanisani kwetu Jumapili tatu, kama ilivyo desturi, wala hakuna aliyeweka pingamizi. Bwana arusi alikuja kwa likizo kutoka Uingereza, ambako ana kibali cha kukaa daima, na kazi yake ni kuwatunza wazee. Bibi arusi huuza vitenge Kariakoo. Walitia sahihi zao katika daftari la ndoa, nasi tukatia yetu tukiwa mmoja wa mashahidi wawili. Baada ya majuma matatu bwana alirudi kazini. Twasimulia haya kwa ruhusa yao, na mambo machache tumeyageuza ili wasitambulike.

Yafaa tueleze jinsi njia hiyo ilivyo, kwa kuwa wengi huidhani ni nyepesi. Kwa sheria ya Uingereza, mwenye kumwita mke au mume lazima aonyeshe kipato chake cha mwaka. Tangu Julai 2012 kiwango kilikuwa paundi 18,600. Mshahara wa ndugu huyu ulitosha. Kilichopungua ni ada. Alipokuwa akiweka akiba, malipo ya huduma ya afya yalipandishwa Februari 2024 hadi paundi 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya kwanza, ambayo ni ya miezi 33, hulipwa paundi 3,105, mbali na ada ya viza yenyewe. Kisha tarehe 11 Aprili 2024 kiwango cha kipato kikapanda hadi paundi 29,000. Yule aliyekuwa mlangoni akajikuta amerudishwa njiani. Kipato cha mke hapa nyumbani, hata auze majora mangapi ya vitenge, hakihesabiwi.

Mke naye hufanya mtihani wa Kiingereza, hupimwa kifua kikuu, hutoa cheti cha ndoa. Juu ya hayo yote hutakiwa kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli na ingali hai: safari za kutembeleana, fedha zilizotumwa, mazungumzo ya simu, barua na ujumbe. Na maandishi yaliyo kwa Kiswahili lazima yafasiriwe, naye mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi na anwani.

Hivyo ndivyo bahasha yao ilivyofika mezani petu. Binti alikuja jioni moja baada ya kufunga duka, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea maneno yetu uyatie katika Kiingereza." Tulimpokea kwa furaha, kwa kuwa tulimfundisha baba yake darasa la nne.

Tulisoma ukurasa baada ya ukurasa, nayo yalikuwa maneno ya watu waliooana: mama amepona mguu? Umeme umerudi? Umekula? Lakini tulipofika katikati ya mwaka 2024, mwandiko ukageuka, ingawa ulikuwa wa mashine. Kwa miezi minne bwana huyu alikuwa mshairi! Kila siku mapenzi, nyota na mwezi. Wala mguu wa mama, wala umeme, wala kodi ya fremu havikutajwa tena. Mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka zaidi ya thelathini huijua insha iliyonakiliwa. Tulimwuliza, "Mwanangu, haya aliyaandika nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwamba kishoka mmoja wa mjini, anayejidai kuzijua njia za balozi, alimwambia pengo la miezi minne litaiua viza yake. Akalijaza kwa malipo. Kilichobaki ni tafsiri na sahihi ya mtu mzima anayeheshimika.

Ndugu zangu, twataka kuungama hapa, maana haifai kuwahubiria wengine tukijificha. Hatukukataa usiku ule. Tulimwambia aziache karatasi. Alipoondoka tulishika kalamu, tukaanza. Tulijiambia: ndoa ni ya kweli, tuliiona kwa macho yetu, uongo mdogo ukiilinda kweli kubwa, nani ataumia? Tukafasiri ukurasa mzima wa maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Ilipofika mahali pa kuandika kwamba tafsiri ni sahihi, mkono ulikataa. Tulikumbuka kwamba jina letu limo tayari katika daftari la kanisa, chini ya jina la binti huyu. Kama jina lile lile litashuhudia uongo huku, je, kule lashuhudia nini?

Amri ya tisa, wapenzi, haikutolewa kwa ajili ya mahakama tu. Mungu alijua kwamba ushuhuda wa uongo mara nyingi hutolewa kwa upendo. Twashuhudia uongo kwa ajili ya mtoto wetu, jirani yetu, mwanafunzi wetu. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa yule tunayempenda ndiye tunayemfundisha kwamba kweli yake haitoshi.

Kesho yake tulimwita, tukamwomba atuonyeshe yaliyokuwamo katika miezi ile minne. Alilia, kisha akaifungua simu. Siku nyingi zilikuwa tupu. Mahali pengine mlikuwa na maneno makali: mke auliza kama kuna mwanamke mwingine, mume hajibu. Ndugu wa mume wamekwisha kumwambia mke kwamba waliokwenda Ulaya hawarudi. Halafu, usiku mmoja, ujumbe mrefu. Mume aeleza kwamba kiwango kimepanda, kwamba ameona haya kumwambia, kwamba ameongeza kazi ya usiku mahali pengine na hulala kitini kati ya zamu na zamu. Mke akajibu kwa maneno machache: "Ungeniambia. Mimi ni mke wako, si mgeni wako." Tangu hapo wakarudia mambo yao: umekula? Umelala? Mama hajambo?

Tukamwambia, "Mwanangu, huu ndio ushahidi. Mtu asiye na ndoa hagombani hivi, wala hapatani hivi." Tuliyatupa maneno ya kishoka, tukayafasiri ya kweli yote, na ile kimya tukaiacha ilivyo, naye binti akaandika barua ya kuieleza. Tulihangaika sana na neno "umekula?" Kwa Kiingereza ni swali la chakula tu. Kwetu sisi mtu hulitumia kumwambia mwenzake kwamba bado ni wajibu wake. Tukaliandika lilivyo, tukamwachia Mungu mengine.

Tuyaangalie sasa masomo yetu. Torati yaagiza kwamba mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asipewe kazi ya kumwondoa, bali akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mke wake. Israeli lilikuwa taifa lenye adui pande zote na lilihitaji kila mwanamume. Hata hivyo Mungu aliuona mwaka huo kuwa haki ya ndoa. Hatusemi kwamba taifa lisiweke walinzi mlangoni, maana ndoa za uongo zipo na kila serikali hujilinda. Lakini sheria inayoipima ndoa kwa paundi yastahili kuulizwa swali, nasi Wakristo tuna ruhusa ya kuuliza. Tusiwanyoshee kidole wageni peke yao, kwa kuwa hapa nchini pia wako walimu ambao mume yuko mkoa mmoja na mke mwingine, wakiomba uhamisho wa kumfuata mwenzi. Sisi wenyewe tuliungoja uhamisho wa namna hiyo tulipokuwa vijana, tukajua jinsi nyumba inavyopoa.

Wala kungoja si jambo jipya hapa. Kariakoo iliitwa hivyo kwa sababu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale baada ya Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. Wengi walikufa njiani kwa maradhi na njaa, na wake zao walingoja bila barua wala habari. Yule binti huuza vitenge juu ya ardhi hiyo hiyo.

Tumtazame na Akila, na Prisila mkewe. Klaudio aliwafukuza Wayahudi katika Rumi, nao wakafika Korintho, wakashona mahema. Agano Jipya huwataja mara sita, na kila mara huwataja wote wawili pamoja. Walihama nchi, lakini hawakuhamana. Ndilo jambo la kuliombea kila nyumba.

Basi tuyachukue mambo matatu.

Kwanza, ninyi wenye ndoa. Kabla ya kutengana kwa kazi, ketini mhesabu pamoja: ada, kiwango, muda. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7:5, ataka wenzi wasinyimane ila kwa kupatana na kwa muda. Kwa hiyo wekeni muda, na ukibadilika, ambianeni. Aibu ya fedha imevunja ndoa nyingi kuliko bahari.

Pili, ninyi wazazi na ndugu. Mke wa aliye mbali si mjane wala si msichana. Msimjaze maneno. Na kila mnapomwomba kijana fedha, jueni kwamba huenda mnazitoa katika nauli ya mkewe.

Tatu, sisi kanisa. Tulikula pilau ya arusi yao, tukapiga vigelegele. Je, ni wangapi kati yetu walimtembelea binti huyu katika miezi ile minne? Hakuna hata mmoja. Nasi tulio na jina katika daftari tumo. Pengo ambalo kishoka alilijaza kwa uongo lilikuwa nafasi yetu. Kuanzia sasa Mama Wakristo na wazee wa kanisa na waulize nani yuko peke yake, nao wahudumu waliandike daftari la ndoa kwa usafi, kila jina na kila tarehe, kwa kuwa hatujui ni nchi gani italisoma.

Tunapoandika haya, jibu halijafika. Laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana. Ikiwa ni hapana, bado ni mume na mke, nasi bado ni mashahidi wao.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaongoza Akila na Prisila katika nchi za ugeni, uwaangalie wote waliotengwa na wenzi wao kwa ajili ya kazi. Uwape subira bila uongo, na habari njema kwa wakati wake. Utuoshe mikono na kalamu zetu, nasi utufanye mashahidi waaminifu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.