Kumchomea Weita

Malalamiko mengi kuhusu mkahawa wa pizza hayahusu pizza. Nasema hivi kwa sababu mwaka jana nililipwa kuyasoma. Mwenye mkahawa mmoja kando ya Thika Road, mahali padogo pa ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, alitaka mtu apitie maoni yote ambayo wateja walikuwa wameacha mtandaoni kwa mwaka mzima, ayapange, kisha ayajibu kwa lugha ya adabu. Kazi ya wiki mbili, malipo kwa M-Pesa. Nilitarajia unga mbichi katikati, chizi ya kuhesabika, na ile vita isiyoisha ya nanasi juu ya pizza. Hayo yalikuwepo. Lakini mengi yalihusu uso wa mtu. Dada wa kaunta ana madharau. Weita hatabasamu. Kijana aliyeleta oda hakusema asante. Mteja mmoja alieleza kwa aya tatu jinsi weita alivyoiweka sahani mezani, na katika aya hizo zote hakuna mahali alisema kama chakula kilikuwa kitamu.

Mwenye mkahawa naye alikuwa na mfumo wake. Maoni yenye jina la mfanyakazi, au maelezo ya kutosha kumtambua, aliyachapisha na kuyabandika nyuma ya mlango wa jikoni. Ukitajwa vibaya mara mbili kwa mwezi, unapoteza wikendi moja. Wengi pale wanalipwa kwa siku, kwa hivyo kupoteza wikendi si onyo. Ni pesa ya nyumba iliyopungua.

Sasa swali lenyewe. Nimelipa pesa yangu, nimehudumiwa vibaya, na ninachotaka kuandika ni kweli. Je, ukweli huo unanitosha?

Kiswahili kina neno ambalo nadhani tumelisahau wakati tunalihitaji zaidi: kuchongea. Ni kumpelekea mkubwa habari za mtu ili mtu huyo apate taabu. Si sawa na kusengenya, maana msengenyaji anatafuta tu raha ya mdomo. Si sawa na kushtaki pia, maana mshtakiwa huitwa akajibu. Anayechongea anapeleka maneno juu, anaenda zake, na adhabu inashuka yeye hayupo. Mtaani tunasema kuchomea. Shuleni, msee aliyekuchomea kwa mwalimu hakusamehewa hata kama alichosema kilikuwa kweli tupu. Hapo ndipo huwa nasimama. Watoto wa darasa la sita walikuwa wanajua kwamba ukweli peke yake haumtoi mtu lawamani. Kuna vile unausema, na kuna unayemwambia.

Chukua malalamiko ya Jumanne. Siku hiyo mkahawa ule unauza pizza mbili kwa bei ya moja, kama mikahawa mingine mingi Nairobi. Jiko ni moja, la gesi, linaingiza pizza nne kwa mpigo, na kila mpigo unachukua kama dakika kumi. Hizo ni pizza 24 kwa saa. Saa moja jioni wakiingia wateja thelathini, kila mmoja na zake mbili, kuna pizza 60 za kuoka. Hiyo ni saa mbili na nusu, hata kama mpishi hatapumua. Hesabu ya shule ya msingi. Ile kuchelewa iliamuliwa siku bango lilipochorwa, na aliyeliamua saa hiyo yuko nyumbani anatazama mpira.

Lakini mteja haoni hesabu. Anamwona weita. Amekaa dakika 70 na mpenzi wake aliyevaa nguo ya kutoka, maji ya bure yamekwisha, na huyu mtu wa aproni nyekundu anapita akikwepa macho. Anakwepa kwa sababu hana jibu, na ameshasema "dakika tano tu" kwa meza saba. Mteja anarudi nyumbani na kuandika kwamba weita ana kiburi. Hajadanganya. Ameandika alichokiona. Ila mwenye bango anaposoma, anasoma habari za weita tu, na lile bango halimo kabisa.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani, kwa sura mbaya zaidi. Marekani, kampuni ya Domino's ilijijengea jina kwa ahadi ya kufikisha pizza ndani ya dakika 30, la sivyo mteja anapata bure au anapunguziwa bei. Ukiisikia hivyo ni ahadi kati ya kampuni na mteja. Aliyekuwa akiitimiza ni kijana kwenye usukani. Mwaka 1989, katika eneo la St. Louis, gari la mpeleka pizza lilimgonga mwanamke. Mwaka 1993 baraza la mahakama likaamua alipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 70, na mwezi huohuo kampuni ikaiondoa ahadi hiyo nchini humo. Kila mteja aliyekaa na saa mkononi alikuwa anatumia haki yake halali, aliyopewa kwa tangazo. Hakuna aliyemtuma dereva avunje sheria za barabara. Lakini saa zile zote, zikijumlishwa, zilikuwa zinamsukuma mtu fulani. Mwangalie kijana wa boda anavyokata katikati ya mathree pale Roysambu, begi la mraba mgongoni, halafu uangalie simu yako inavyokuhesabia dakika.

Nisieleweke vibaya. Simtetei mfanyakazi kwa sababu ni mfanyakazi, na simwoni mteja kama adui. Mteja wa mkahawa ule si tajiri. Ni mwanafunzi aliyechanga na wenzake wanne, ni mama aliyemwahidi mtoto pizza akipita mtihani. Elfu moja na mia mbili ni pesa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Wakenya tumezoea sana kuambiana "si uwache tu". Tunakula kuku anayenuka, tunalipa, tunatoka, na kesho mwingine anaugua. Kunyamaza kwa namna hiyo siwezi kukuita upole.

Tena kelele za wateja na wananchi zimewahi kufanya kazi nzuri hapa Nairobi. Machi 2015 ilijulikana kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mjini ulikuwa haukubali wateja Waafrika kuanzia jioni. Watu walikasirika, kaunti ikaingilia, ikapatikana kwamba mkahawa hauna leseni zinazotakiwa, ukafungwa. Hasira ile ililenga amri ya nyumba na wenye nyumba. Haikuishia kwa bawabu aliyesimama mlangoni, na ingekuwa rahisi sana iishie hapo, maana bawabu ndiye aliyekuwa akionekana.

Kuhusu tabasamu sasa, kwa sababu lilijaa kwenye yale maoni kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege Marekani, akaonyesha kwamba kampuni inanunua hisia zao pamoja na mikono yao. Mhudumu hatakiwi tu kukuletea chai. Anatakiwa aonekane amefurahi kukuletea. Tunajua jambo hili bila kusoma kitabu. Mikahawani tunaitwa "wageni", na tunalipenda neno hilo. Lakini mgeni halisi halipi, na mwenyeji anamfurahia kwa sababu ni wake. Mgeni huyo pia ana wajibu: akikuta jiko limezidiwa, anaosha vikombe. Sisi tunataka furaha ya mwenyeji kwa bei ya Jumanne, bila kuosha kikombe. Maoni yangu ni kwamba adabu naweza kuidai: nisitukanwe, nisidharauliwe, nijibiwe nikiuliza. Furaha ya mtu siwezi kuidai. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini kuwa zaidi kidogo ya shilingi 16,000 kwa mwezi, na sioni mahali ambapo ndani ya pesa hiyo kumehesabiwa meno.

Ningependa niishie hapo, nikiwa upande wa weita, lakini kati ya yale mamia ya maoni kulikuwa na moja lililoniharibia hesabu. Mwanamke aliandika, kwa sentensi chache zisizo na hasira, kwamba kijana aliyemletea pizza alibaki na namba yake ya simu na sasa anamtumia ujumbe usiku. Ameshamwambia aache. Anaishi peke yake, na kijana anaujua mlango wake.

Huyo mama hakuwa na njia nyingine ila kuchomea, na alichomea vizuri: jina la kijana, siku, saa. Hapa huruma kwa mfanyakazi ingekuwa ukatili kwa mtu mwingine. Nililiweka la kwanza kabisa kwenye orodha niliyompelekea mwenye mkahawa, na nikampigia simu. Alicheka. Akasema vijana wa boda ndio hivyo, na kwamba huyo hata si mfanyakazi wake, analipwa kwa safari. Kumbuka ni mtu yuleyule aliyemnyima dada wa kaunta wikendi kwa kutotabasamu. Lile la tabasamu lilikuwa na nyota moja na herufi kubwa. La huyu mama lilikuwa na nyota tatu, kwa sababu pizza, alisema, ilikuwa nzuri.

Kwa hivyo kuchomea hakuwi kubaya kwa sababu tu ni kuchomea. Ninachouliza kabla ya kuandika ni kama jambo hili lilitoka kwa mtu huyu au lilipitia tu mikononi mwake, na kama atapata nafasi ya kujibu. La pili si huruma yangu binafsi. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 41, inasema mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mwenzake aliyemchagua. Nyuma ya mlango wa jikoni hakuna anayesikilizwa. Kuna karatasi tu. Sijafika kwa hakimu kuuliza kama kunyang'anywa wikendi kunahesabika, lakini dada wa kaunta aliniambia hakuwahi kuulizwa hata mara moja siku ile kulikuwa na nini.

Mkahawani kwenyewe jambo hili ni rahisi kiasi. Unamwita mtu, unamwambia, "Boss, hii imepoa," naye anakueleza au anakubadilishia. Kwenye simu ndiko kugumu. Kijana wa boda anakukabidhi sanduku getini na kukuomba umpe nyota tano, na sauti yake ni ya mtu anayeomba kitu cha maana. Pizza imepoa. Huwa nampa tano. Sidhani ni uongo, maana kwenye hizo programu tano imeshaacha kumaanisha "bora kabisa". Inamaanisha "asiadhibiwe". Ni kama mtu akikuuliza "uko poa?" nawe unadaiwa nyumba ya miezi mitatu, unasema poa, na hakuna anayekuita mwongo. Halafu chini ya zile nyota naandika habari za jiko, umbali, na masanduku yasiyohifadhi joto.

Rafiki yangu ninayekaa naye anasema hiyo ni falsafa ya kujifurahisha. Kwamba mtu wa tatu, aliye na elfu moja na mia mbili yake ya mwezi mzima, ataona nyota zangu tano, aagize, na apate pizza baridi kama yangu. Nikamwambia atasoma nilichoandika. Akaniuliza mara ya mwisho nilisoma maoni ya mtu kabla ya kuagiza chakula ni lini, bila kulipwa.