Chandarua na Tawakali

Katika bonde la Kilombero, ambako mbu ni jirani wa mpunga, na ambako mjini Ifakara maabara ya utafiti wa maradhi ilianzishwa katika miaka ya 1950, mcha Mungu hulala ndani ya chandarua wala haoni kwamba imani yake imepungua, kwa kuwa tawakali isiyo na hadhari ni uvivu uliovishwa kanzu ya ibada. Kadhalika mwenye kompyuta nyumbani: kingavirusi na ngome ya Defender, zilizomo ndani ya Windows bila ya malipo, zaweza kumtosha akizihuisha kila mara, maana chandarua kilichotoboka hakimzuii mbu, ama mlinzi wa bure asiyejulikana nasaba yake, huenda ndiye mwizi mwenyewe. Basi, ewe msomaji, funga mlango kwanza, ndipo uombe dua.