Mashua Ipi Itufaayo Ziwani?

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo kwanza laonekana kuwa la mafundi na wavuvi tu. Mtu akitamani mashua ya injini ya kwendea ziwani, achague ipi? Na kwa kuwa hawezi kuyapata yote ayatakayo, aache lipi na ashike lipi?

Swali hili lilitujia sisi wenyewe hapa Katavi. Tu watu wanne tuliounganisha fedha za mpunga na asali muda wa miaka mitatu, ili tununue mashua moja ya kukaa Karema, ya kuchukua watu na mizigo kwenda Ikola na vijiji vya pwani ya ziwa. Jioni moja tuliketi Mpanda, kila mmoja akaieleza mashua ya ndoto yake. Wa kwanza alitaka ya mbio. Wa pili alitaka pana, yenye kubeba magunia mengi. Wa tatu alitaka yenye paa, abiria wasiumie kwa jua na mvua. Wa nne alitaka ya bei nafuu, isiyokunywa petroli nyingi, maana petroli yetu huletwa kwa gari kutoka mbali. Wote wanne walisema kweli, ila mashua yenye hayo yote haijaundwa.

Sababu yake ni hii. Chombo chembamba hupasua maji upesi, lakini huyumba. Kipana hutulia, lakini husukuma maji mengi, na injini hula mafuta. Chenye tumbo bapa huweza kupanda ufukoni pasipo gati, lakini hupigwa vibaya na mawimbi. Chenye tumbo lililochongoka huyakata mawimbi, lakini chataka maji ya kina na injini yenye nguvu. Paa nalo huzuia jua, lakini hushika upepo na kuupandisha uzito juu. Ziwa lenyewe pia lina masharti yake. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake chapita mita 1,400. Upepo wa kusini mashariki ukivuma wakati wa kiangazi, mawimbi yake si ya mchezo. Wala ufuko hautulii: ngome ya Karema ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879 karibu na maji, kisha ziwa likarudi nyuma na kuiacha mbali, na miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena.

Basi, je, kuiacha sehemu ya ndoto ni udhaifu wa moyo? Wako wasemao kwamba mtu mwenye nia thabiti hakubali pungufu. Sisi twaona sivyo. Mtaka yote hukosa yote; na mwenye hekima huanza kwa kuuliza kazi ya chombo, wala haanzi kwa kuuliza uzuri wake.

Ziwa letu limekwisha kutufundisha hayo. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Afrika ya Kusini, kisha wakazivuta kwa ng'ombe na mashine za mvuke katika mapori ya Kongo. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40 tu, ya mbao nyepesi, iende mbio. Zilikuwa nyepesi hata mzinga wa mbele haukuweza kupigwa salama ila kwa kuelekea mbele. Hata hivyo tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Kwa vita vifupi zilifaa, lakini kwa mama mwenye mtoto na kapu la dagaa zisingalifaa kitu. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hata Kigoma. Wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi zisiharibike. Ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Sifa yake haikuwa mbio, bali ilichukua watu wa pwani hizi kizazi baada ya kizazi.

Hata hapa hatujafika kwenye shina la jambo. Maana liko la kuacha lililo letu, na liko la kuacha lililo la mwingine. Huko Uswidi, Mfalme Gustav Adolf, ambaye Walutheri wengi wamjua, alitamani meli ya vita yenye mizinga mingi katika safu mbili. Ikaitwa Vasa. Kabla haijasafiri, watu 30 waliambiwa wakimbie toka ubavu huu hata ubavu huu, ili ijaribiwe. Meli ikayumba mno hata jaribio likasimamishwa. Ikaachwa iende vivyo hivyo. Tarehe 10 Agosti 1628 ilikwenda mwendo wa kilometa moja na kidogo, ikapigwa na upepo, ikazama. Mfalme hakuwamo. Ndoto ilikuwa yake, na waliokufa maji walikuwa wengine.

Nasi Watanzania tusijidhani kuwa bora. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria. Kilipasa kuchukua watu 101; waliokufa peke yao walikuwa 228.

Turudi kwa mashua yetu. Fundi mmoja alitushauri hivi: punguzeni mbavu za mashua kwa shubiri moja, na yale maboya ya kuvaa nunueni machache, nanyi mtapata injini kubwa kwa fedha ile ile. Karibu tungalikubali. Ndipo mmoja wetu akauliza, "Ni nani atakayeketi kando ya ubavu ule uliopunguzwa?" Tukanyamaza, maana katika sisi wanne hakuna asafiriye ziwani kila juma.

Basi tukaacha mbio, tukaacha na paa. Tukashika mbavu ndefu, boya kwa kila abiria, na hesabu ya watu 12 iliyopakwa rangi ubavuni, kila mtu aione.

Lakini hatutaki kuwaficha neno. Mashua ya watu 12 hupata nauli haba kuliko ya watu 20; na nauli ikipanda, maskini ataiacha yetu na kupanda iliyo mbovu zaidi. Hapo wema wetu utakuwa umemsukuma hatarini, nasi tutabaki na mikono safi tu. Neno hili lilitusumbua siku nyingi. Mwisho tulipatana kwamba nauli isizidi ya wengine, na kwamba fedha zetu zitarudi kwa miaka sita, si kwa mitatu kama tulivyotumaini. Mmoja wetu alikuwa amekusudia kuezeka nyumba kwa faida ile; sasa atangoja. Hatusemi kwamba tumeondoa kila hatari, maana ziwa ni ziwa.

Ndugu, nanyi mwaweza kuketi katika shauri kama hili, la mashua, au la kisima, au la jengo la shule, na fedha zisitoshe. Kupunguza kutawapasa. Basi kabla ya kupunguza, ulizeni ni fungu la nani likatwalo. Na likiwa la mtu asiyekuwamo katika baraza, mwiteni kwanza asikiwe.